Viputo vya Kibirika

Wino alipata jina hilo kwa sababu ya vidole vyake. Aoshe, asugue kwa jiwe, apake limau, weusi ulibaki palepale pembeni mwa kucha, na wifi zake walikuwa wakimtania kwamba akikunja ngumi anaonekana kama mtu aliyeiba makaa. Alikuwa mchoraji wa vitabu vya katuni. Si zile katuni za magazetini za kuwasema wakubwa. Kazi yake ilikuwa moja tu, na aliifanya ujana wake wote: kuchukua kipindi cha katuni cha televisheni na kukigeuza kitabu cha watoto.

Kipindi chenyewe kiliitwa Kibirika Mtoro, na kama hukuwa mtoto miaka ile, usijisumbue kutafuta maana yake, kwa sababu haikuwepo. Kibirika alikuwa birika lililochoka kukaa motoni, likaota miguu na kutoroka jikoni. Mwiko, ambaye ni askari, alimkimbiza kila wiki na hakumkamata hata mara moja. Nyumbani kwao kulikuwa na kochi lililomeza wageni na kuwatapika kupitia bomba la bafuni, na jirani yao alikuwa kuku aliyekataa katakata kwamba yeye ni kuku, akawa anazunguka maofisini kuomba kazi ya kuwa lifti. Watu wazima walitazama kidogo, wakatikisa kichwa, wakaondoka. Watoto waligaragara sakafuni.

Usidhani Wino alikuwa akinakili tu. Kwenye televisheni kochi likishameza mtu panapita kimya, watoto wanasubiri, halafu bomba linakohoa. Kitabuni hakuna kusubiri, jicho la mtoto linaruka ukurasa mzima kwa mara moja. Wino ndiye aliyegundua kwamba ukiweka kisanduku kimoja kisicho na mtu, bafu tu na bomba na tone linaloning'inia, mtoto atasimama hapo mwenyewe bila kuambiwa. Ndiye aliyempa Kibirika miguu minane anapokimbia, na mfuniko unaobaki nyuma hewani kwa kuwa haujapata habari kwamba mwenyewe ameshaondoka. Kazi aliijua. Nalisema hilo mapema, kabla sijaanza kumlaumu.

Na sauti ya Kibirika ilikuwa ya kaka yake.

Kaka huyo, wa tumbo moja naye, nyumbani walimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alianza kama dereva wa kituo cha televisheni, wa kubeba kamera na wanaozibeba. Siku moja mkurugenzi wa kituo alipita dirishani mwa kantini akajisikia mwenyewe anawafokea watu humo ndani, ilhali yuko nje. Alikuwa Redio, anawaigizia wapishi. Kantini nzima ilipomwona dirishani, kila mtu alijua leo kuna mtu anarudi kwao na mabegi. Mkurugenzi akamwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia, "Hebu nifanyie tena." Tangu hapo funguo za gari alikabidhiwa mtu mwingine, na Redio akaingizwa kwenye chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani, maikrofoni imevalishwa soksi, akawa Kibirika, akawa Mwiko, akawa kuku, akawa hata bomba.

Sasa sikiliza kazi ilivyopangwa, maana balaa lote lilianzia hapo. Wachapishaji walitaka kitabu kiwe madukani wiki ileile kipindi kinapoonyeshwa. Kwa hiyo Wino alipewa kanda ya picha kabla haijatiwa sauti, pamoja na kurasa za maneno zilizopigwa chapa na karani mmoja aliyekuwa, Mungu amsamehe, hana utani hata wa dawa. Wino aliitia kanda kwenye deki ya video, akabonyeza kusimamisha, na picha ikasimama ikitetemeka na mstari mweupe tumboni, naye akachora. Maneno aliyachukua kwenye kurasa za karani, akayapunguza mpaka yaenee kwenye kiputo, lile duara la maneno linalotoka mdomoni mwa mhusika. Upande wa pili wa mji, Redio naye alikuwa na kurasa zilezile. Alizisoma mara moja kwa heshima, akazikalia, akaitazama picha, kisha akasema kilichomjia. Ikawa televisheni inasema hivi na kitabu kinasema vile.

Wa kwanza kulalamika alikuwa binti wa Redio, kitinda mimba wake, ambaye ndugu wote walimwita Kitinda. Alikuwa mdogo, meno ya mbele hana, amekaa kwenye sakafu ya shangazi yake anasoma kwa sauti. Mara akakifunga kitabu.

"Shangazi, kitabu chako kinadanganya. Kibirika hakusema hivi."

"Alisemaje?"

Kitinda akafungua mdomo aseme, akacheka, akajaribu tena, akacheka mpaka kwikwi ikamshika. Wino akamchukulia kitabu, akamwambia akanawe mikono. Hakumuuliza tena.

Kisha Redio mwenyewe akamfuata kazini, kwenye ukumbi ule wenye meza za kuchorea zilizoinamishwa na harufu ya gundi.

"Mdogo wangu," alimwambia, "njoo studio siku moja. Ukae kwenye kiti tu, uandike ninavyosema. Watoto wanachanganyikiwa."

"Yaani mitambo ya kuchapa isubiri mdomo wako?"

"Haisubiri. Mimi narekodi Jumatatu, wewe viputo unavijaza Jumatano. Nimeshauliza."

"Kaka, kiputo si gunia kwamba unashindilia tu. Maneno yana kipimo. Nikiandika kila unachoropoka, Kibirika mwenyewe hataonekana."

"Basi andika nusu."

"Kazi yako hewa, kazi yangu karatasi. Tuachiane."

Redio hakukasirika. Alichukua rula mezani kwa Wino na kuanza kuisemea, rula moja yenye majivuno lakini inayoogopa kila kitu cha mviringo, na sahani ya chai iliyokuwa jirani ikaanza kuitisha. Wachoraji wengine waliweka kalamu chini kwa kicheko. Mmoja alitoka nje kabisa. Wino alibana midomo, akashika kazi yake. Redio akairudisha rula taratibu mahali pake.

"Haya bosi," akasema, akaondoka.

Wivu. Hakuna haja ya kuzunguka, ulikuwa wivu. Popote Wino alipopita aliulizwa, "Wewe ndiye dada yake Redio?" Hakuna aliyewahi kumsimamisha Redio njiani kumuuliza kama yeye ndiye kaka yake Wino. Kitabu kilikuwa mahali pekee ambapo Kibirika alikuwa wake yeye, anafunga mdomo na kuufungua anavyotaka yeye. Mchana wa kipindi, televisheni za mtaa mzima zikiwa juu, Wino alikuwa uani anafua, bomba amelifungua mpaka mwisho ili maji yapige kelele ndani ya ndoo. Aliishi hivyo mpaka kipindi kikaisha, na naweza kula kiapo kwamba katika nchi nzima yeye ndiye mtu aliyemjua Kibirika kuliko wote na hakuwahi kumsikia akiongea.

Kipindi kiliisha kama vitu vinavyoisha, bila kuagana. Kituo kilipata katuni za kutoka nje, na studio ya mablanketi ikageuzwa chumba cha kubadilishia nguo. Redio alifanya matangazo ya sabuni, akafanya sauti ya benki inayokuambia usubiri kwenye simu, akazeeka. Baadaye koo likaanza kumkereketa. Alipokwenda hospitali walimwambia wazi kwamba waondoe sauti abaki yeye, au waiache wote wawili waondoke. Akabaki yeye. Alitoka na tundu shingoni lililofunikwa kitambaa, na Kitinda akamnunulia ubao mdogo wa watoto, ule wa kuandika kwa chaki na kufuta. Ndugu walilia kuliko yeye mwenyewe. Wino hakulia mbele ya watu, ila siku nyingi baadaye, akiwa kwenye foleni ya dukani, alikumbuka ile rula na sahani, akacheka peke yake, na katikati ya kicheko akaona kwamba hakumbuki hata neno moja la ile rula. Alikumbuka kubana midomo tu.

Ndipo wachapishaji walipompigia simu. Kulikuwa na mhariri mpya, msichana mwenye haraka, na walitaka kuvitoa upya vitabu vyote vya Kibirika, safari hii kwa rangi.

"Mama, michoro ya asili unayo?"

"Ipo yote. Iko juu ya kabati."

"Isafishe. Na kama kuna kitu cha kurekebisha, hata maneno, rekebisha sasa. Tukishachapa ndiyo basi tena."

Wino aliweka simu chini. Wakati huo alikuwa ameshakula chumvi nyingi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, mkono bado imara. Aliamua palepale kwamba safari hii Kibirika atasema alichosema. Kila kiputo. Alikuwa amemnyima kaka yake kiti kimoja na siku moja, na sasa hivyo viputo vilikuwa mahali pa mwisho duniani ambapo sauti yake ingeweza kuwekwa.

Alianzia kituoni. Mtunza stoo alimsikiliza kwa adabu zote, akaingia ndani, akatoka na vumbi mabegani.

"Mama, zile kanda zilirekodiwa mpira juu yake."

"Zote?"

"Tena mechi zenyewe tulifungwa."

Akawauliza watu. Fundi viatu wa pale kona, mtu mzima mwenye wajukuu, alipolisikia jina la Kibirika alidondosha nyundo. "Mama wee! Mbavu zangu! Siku ile kuku alipopewa kazi ya lifti, tulikufa!"

"Alisema nini siku hiyo?"

"Alisema..." Fundi akatazama juu, tabasamu likiwa limebaki usoni bila kazi. "Alisema... Aah, mama, ilikuwa vile alivyosema." Jibu hilo alilipata kila alipokwenda. Nchi nzima ilikumbuka kucheka, na hakuna aliyekumbuka alichekea nini.

Akabaki na Redio mwenyewe. Alikwenda kwake mchana, michoro amebeba ndani ya bahasha kubwa ya ngozi. Redio aliishi na Kitinda, ambaye sasa ni mwalimu wa chekechea, mwenye meno yote na sauti iliyokwaruzika kwa kuimba na watoto. Walisafisha meza ya chakula, wakaipangusa, wakaweka gazeti, na Wino akatandaza kurasa. Viputo vyote vilikuwa vyeupe. Alikuwa amevifunika kwa wino mweupe kimoja baada ya kingine, na ilimchukua muda mrefu kuliko alivyotarajia kwa sababu kila neno alilolifunika alilisoma kwanza, na kila alilolisoma lilimtia aibu.

Redio alivaa miwani yake, akainama. Akaandika ubaoni: *Vitupu. Maneno yako wapi?*

"Nataka ya kwako, kaka. Uliyoyasema studio."

Redio akamtazama, akaitazama picha. Kuku kwenye sare ya lifti, mbele yake bibi mwenye vikapu anayetaka kupanda ghorofani. Mabega yake yakainuka, yale mabega ambayo zamani yakiinuka hivyo watu walianza kucheka kabla hajasema. Mdomo ukafunguka. Kikatoka kipumzi kwenye kitambaa cha shingoni, filimbi ndogo ya hewa, basi. Akaweka kiganja pale shingoni. Wino akamwambia pole pole, huna haraka, tazama tu, litakuja. Walikaa. Kitinda alileta chai, ikapoa. Halikuja.

Kisha Redio akanyanyuka, akaenda chumbani kwake, akarudi na kitabu. Kilikuwa kile cha zamani, mgongo umeshikiliwa na utepe wa gundi, pembe zimelainika kama kitambaa. Akakifungua ukurasa uleule, akaweka kidole juu ya kiputo, akamwashiria Wino kwa kichwa, mwenye furaha: si haya hapa?

"Tangu atoke hospitali anavisoma kila siku," Kitinda alisema kwa sauti ya chini. "Vyote anavyo. Anasoma anacheka, shangazi. Unaona tu mabega yanacheza. Mimi nimemwacha, nikasema angalau ana kitu."

Wino aligeuza kurasa ili mikono ipate la kufanya, mpaka wakafika pale Kibirika anapoanguka kutoka juu ya paa na kutua katikati ya meza ya Mwiko, akiwa ndio kwanza anakula. Kitabuni, kwa hisani ya yule karani, kiputo kilisema: *Maskini mimi! Nimeanguka!*

Kitinda akapiga makofi. "Hii! Shangazi, hii naikumbuka! Ndiyo niliyotaka kukwambia siku ile nikashindwa!" Akasimama, akaweka mkono kiunoni kuwa mshikio, mwingine mbele kuwa mdomo wa birika, na kwa sauti ambayo haikuwa yake, sauti nyembamba yenye kiburi na maji ndani, akasema, "Nani kasema nimeanguka? Nimewahi kufika!"

Wino akacheka. Kilimtoka kicheko ambacho hakukijua, cha kitoto, cha kuvunja mbavu, akashika meza, machozi yakamlowesha miwani. Kumbe ndivyo alivyokuwa! Kumbe ndicho walichokuwa wakikisikia wenzake siku zote hizo yeye akiwa na ndoo! Alichovya kalamu akiwa bado anacheka, akaandika ndani ya kiputo kitupu kwa herufi zake nzuri, na maneno yakaenea bila kupunguzwa hata moja. Yangeenea siku zote. Akamsogezea kaka yake ukurasa kwa mikono miwili.

Redio akasoma. Akasoma tena. Akatikisa kichwa, akavuta ubao.

*Sikusema hivi.*

"Ulisema, baba!" Kitinda alisema. "Shuleni wote tulikuwa tunasema hivyo! Mtu akijikwaa tu, amewahi kufika!"

Redio akagonga kitabu kwa kidole, pale palipoandikwa *Maskini mimi*. Akajipiga kifuani. Akafuta ubao kwa kiwiko, akaandika haraka, chaki ikimeguka: *Mimi ndiye niliyekuwepo. Haya ndiyo yangu. Nani ameleta huu upuuzi?*

"Baba, nakuapia..."

Akaandika kwa herufi kubwa: *MSINIHARIBIE KAZI YANGU.*

Kitinda akakusanya vikombe akaingia jikoni, vikasikika vikiwekwa kwa nguvu.

Wakabaki wawili. Wino alikuwa na la kusema, na lilikuwa fupi. Angemwambia, kaka, hayo si yako, ni ya karani mmoja aliyekuwa hajui kucheka, na mimi niliyakata nikayatia humo kwa sababu nilikuwa na wivu na wewe. Ulimi ulishalibeba. Akamwangalia Redio, ameshikilia kile kitabu kifuani kwa mikono yote miwili, anahema kupitia kile kitambaa, anamwangalia yeye, akiwa na uhakika kwamba mdogo wake atamtetea. Hospitali ilishamwondolea sauti moja. Aliyobaki nayo ilikuwa hiyo, ya karatasi, ya uongo, na aliyemtengenezea alikuwa Wino mwenyewe.

Akafungua kichupa cha wino mweupe. Akapitisha brashi juu ya *Nani kasema nimeanguka*, akapitisha tena mpaka maneno yakazama kabisa, akapuliza, akasubiri pakauke. Kisha akachovya kalamu na kuandika, herufi moja baada ya nyingine, *Maskini mimi! Nimeanguka!*

Redio alifuatilia kila herufi. Ilipokwisha ile ya mwisho, alivuta pumzi ndefu, uso ukatulia, akampapasa mdogo wake begani kama alivyokuwa akifanya walipokuwa watoto. Akafuta ubao taratibu kwa kiganja, akaandika bila haraka, akamgeuzia asome.

*Wengine wote walikuwa wanacheka tu. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisikiliza.*

Wino alisoma mpaka mwisho.

"Ndiyo, kaka," alisema, akachovya kalamu, akaendelea na kiputo kilichofuata.